Mtoto Huyu Tunamkabidhi kwa Nani?

(Mazungumzo mbele ya walimu na watumishi wa serikali, Moshi)



Naomba nianze na jambo ambalo kila mmoja wenu analijua kuliko mimi. Mtumishi wa serikali anapohamishwa kituo, hata kama anatoka Rombo kwenda Hai tu, haruhusiwi kufunga mizigo yake na kuondoka kimya kimya. Hana budi kwanza kuandika hati ya makabidhiano. Humo ataorodhesha meza, viti, makabati, funguo, majalada yaliyo wazi na yaliyofungwa, fedha iliyomo katika sefu na madeni yaliyobaki. Anayekabidhi atatia sahihi, anayepokea atatia sahihi, na mkubwa wao atashuhudia. Kiti kimoja kikikosekana, barua zitaandikwa. Huo ni utaratibu mzuri, wala sikuja hapa kuubeza.

Lakini nauliza. Kijana mwenye ulemavu wa akili, au kiziwi, au asiyeona, anapomaliza miaka yake katika shule zetu, nani huandika hati ya makabidhiano? Mwalimu aliyemlea kwa miaka saba, minane, au hata kumi, anamkabidhi kwa nani? Nani anatia sahihi kwamba amempokea, na kwamba amekwisha kuelezwa kijana huyu anajua nini, anaweza nini, na anahitaji kusaidiwa nini? Jibu mnalo. Kiti cha ofisini kina hati; kijana wetu hana.

Hilo ndilo neno langu la leo, na mengine yote nitakayosema yanatoka humo. Nchi yetu imejifunza kumpokea mtoto mwenye mahitaji maalumu katika mlango wa kuingilia shule. Bado haijajifunza kusimama naye katika mlango wa kutokea.

Si zamani sana nilipanda hadi kijiji kimoja cha Uru. Katika nyumba moja iliyozungukwa na migomba nilimkuta kijana wa miaka 20 ameketi juu ya kigoda, nyuma ya jiko. Ana ulemavu wa akili. Alikuwa amesoma katika kitengo cha elimu maalumu cha shule moja ya msingi, na sasa ulikuwa mwaka wa tatu tangu arudi nyumbani. Nilimwuliza mama yake hali ya mwanawe. Mama yule hakunilalamikia juu ya chakula wala juu ya nguo. Aliniambia: "Mwanangu, huyu alipokuwa anakwenda shule alikuwa akiniuliza kila asubuhi, mama, leo ni siku gani? Sasa haulizi tena."

Baadaye nilimtafuta mwalimu aliyemfundisha. Mwalimu alimkumbuka vizuri sana, na uso wake ulichangamka. Akanieleza kwamba kijana yule ndiye aliyekuwa akitunza banda la kuku la kitengo. Alifagia, akaweka maji, akaokota mayai na kuyapanga katika trei. Na kwa kuwa trei huchukua mayai 30, alijua bila kukosea kwamba ikijaa ni thelathini, na tundu zikibaki wazi aliweza kusema zimebaki ngapi.

Ndugu zangu, mama wa kijana yule anafuga kuku. Nimewaona kwa macho yangu wakichakura pale pale karibu na kigoda. Kwa miaka mitatu mama ameokota mayai peke yake, huku mwanawe mwenye ujuzi wa kazi hiyo ameketi hatua kumi kutoka bandani. Mwalimu alijua. Mama hakujua. Na kati ya mwalimu na mama hakuwapo mtu, wala karatasi, wala kikao cha nusu saa, cha kuyavusha maarifa hayo kutoka shuleni hadi nyumbani. Mwalimu mwenyewe alikuwa amekwisha kuhamishwa. Na sina shaka kwamba alipohama, aliandika hati ya makabidhiano ya viti na madawati.

Nisieleweke vibaya. Sikuja kuwalaumu walimu wa elimu maalumu, ambao kwa hakika hufanya kazi ya watu watatu. Wala sisemi kwamba taifa hili halijafanya kitu. Elimu ya watoto wasioona ilianza Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Shule ya viziwi ya Tabora ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hapa kwetu Kilimanjaro tunayo Shule ya Msingi Mwereni, hapa mjini Moshi, ambako watoto wasioona na wenye ualbino wamesoma pamoja na wenzao wanaoona. Tunayo shule ya viziwi kule Mwanga. Tunazo shule za msingi zenye vitengo vya watoto wenye ulemavu wa akili. Jirani zetu wa Meru wana Chuo cha Ualimu Patandi, kinachowaandaa walimu wa elimu maalumu wa nchi nzima. Na katika Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, wamefundishwa mafundi wa viungo bandia na wataalamu wa tiba kwa vitendo, ambao kazi yao hasa ni kumwezesha mtu mwenye ulemavu kuvaa, kula, kuandika, kulima na kupika kwa namna anayoiweza. Mikoa mingi ingefurahi kuwa na nusu ya hazina hii.

Wala sheria hazikosekani. Mwaka 1981 ulitangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu, na mwaka uliofuata Bunge letu likapitisha sheria ya ajira kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Mwaka 2010 ikapitishwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9, inayomtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba wasiopungua asilimia 3 ya wafanyakazi wake ni watu wenye ulemavu. Hesabu yake haihitaji mtaalamu: penye wafanyakazi 100 pawe na watatu, penye 300 pawe na tisa. Kadhalika, halmashauri zetu zimewekewa utaratibu wa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, na ikarejeshwa mwaka 2024.

Basi, ikiwa shule zipo, walimu wapo, wataalamu wapo na sheria ipo, kwa nini kijana wa Uru ameketi juu ya kigoda?

Sababu ya kwanza ni kwamba kijana huyu haonekani katika hesabu zetu. Shule hupimwa kwa matokeo ya mtihani. Wengi wa wanafunzi wenye ulemavu wa akili hawafanyi mtihani wa taifa wa kumaliza elimu ya msingi. Hufuata mafunzo yao na kupimwa na mwalimu wao. Yanapobandikwa majina ya waliofaulu na kuchaguliwa, kijana huyu hayumo. Wanapohesabiwa waliofeli, hayumo vilevile. Hakufaulu wala hakufeli, ametoweka tu. Na mtu ambaye hayumo katika orodha yo yote hana ofisa wa kumwulizia.

Msiseme kwamba ni wachache. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba katika kila watu mia moja wenye umri wa miaka 7 na zaidi katika nchi yetu, kumi na mmoja hivi wana ulemavu wa aina moja au nyingine. Hakuna ukoo katika mlima huu usiohusika, na mkiwa wakweli mtakubali kwamba wengi kati yetu tuliomo humu tuna ndugu, mpwa, au mtoto wetu wenyewe katika hesabu hiyo.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, kwa sababu imo katika fikra. Kwa miaka mingi tuliwaita watu hawa "wasiojiweza". Tulilitumia neno hilo kwa huruma, na magazeti yetu yaliliandika bila kusita. Lakini litazameni vizuri. Neno hilo ni hukumu iliyotolewa kabla ya kesi kusikilizwa. Ukishamwita mtu asiyejiweza, huwezi tena kumwuliza anaweza nini.

Azimio la Arusha la Februari 1967 lilisema kwamba katika nchi ya kijamaa kila anayeweza kufanya kazi anafanya kazi, na likataja makundi manne tu ya watu wenye haki ya kutegemea jasho la wenzao. Kwanza, watoto wadogo. Pili, wazee waliokwisha nguvu. Tatu, walemavu. Nne, wale ambao Dola kwa wakati fulani haijaweza kuwapatia kazi ya kufanya. Kundi la tatu liliwekwa kwa utu, ili asije mtu akamwita kupe ndugu yake asiye na miguu. Ilikuwa ni paa la kumkinga mnyonge. Kosa letu ni kwamba paa lile tumeligeuza kuwa ukuta. Tumemweka humo kila mwenye ulemavu, hata yule anayeweza kushona, kuseremala, kufuga, kufundisha na kutunza hesabu, kisha tukafunga mlango na kujiona wema.

Mimi nasema kwamba wengi wa vijana hawa si wa kundi la tatu. Ni wa kundi la nne. Si kwamba hawawezi kazi. Ni kwamba sisi hatujaweza kuwapatia. Tofauti ya makundi hayo mawili si ndogo, kwa maana katika kundi la tatu upungufu ni wa kijana, lakini katika kundi la nne upungufu ni wetu. Na mwezi mmoja tu baada ya Azimio, Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, lililotaka shule imwandae mtoto kwa maisha atakayoyaishi katika jamii yake. Hakusema kwamba andiko hilo ni la watoto wenye macho na masikio peke yao.

Sasa tutazame mambo yanayowezekana, maana kulalamika bila kuonyesha njia ni uvivu.

Kule Iringa, mwaka 2003, Kanisa la Anglikana lilianzisha karakana iitwayo Neema Crafts kwa vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi. Karakana ile ilikua, ikaongeza ufumaji na kazi nyingine za mikono, na ikafungua mkahawa ambako wahudumu ni viziwi na wateja huonyeshwa namna ya kuagiza chakula kwa alama. Mteja anakwenda pale kwa sababu chai ni nzuri, wala hatoi sadaka. Arusha, katika karakana ya Shanga, watu wenye ulemavu wameyeyusha chupa zilizotupwa na kutengeneza vioo na shanga zinazonunuliwa na watalii. Na hapa Moshi Kituo cha Gabriella kimewafundisha watoto na vijana wenye ulemavu wa ukuaji, wakiwamo wenye usonji, stadi za maisha na kazi za mikono.

Ukivitazama vituo hivi utajifunza mambo matatu.

La kwanza, kazi huchaguliwa kwa kumtazama mtu, si kwa kutazama jina la ulemavu wake. Kuna wakati tuliamini kwamba kipofu kazi yake ni kusuka vikapu, basi. Na kwamba kila mwenye ulemavu afundishwe mikeka, hata kama hapana mnunuzi wa mikeka katika tarafa nzima. Kiziwi anachohitaji zaidi ni lugha: mkufunzi anayejua lugha ya alama, au mkalimani. Asiyeona anahitaji maandishi ya nukta nundu na vifaa vinavyosema, na akivipata anaweza kuwa mwalimu au mwanasheria, kama wengi walivyokwisha kuthibitisha. Kijana mwenye ualbino ana akili na viungo kamili, lakini jua ni adui yake. Kumpa jembe akalime kutwa ni kumpeleka katika saratani ya ngozi. Ndiyo maana KCMC ilianza kutengeneza mafuta ya kujikinga na jua, yaitwayo Kilisun. Lakini mafuta pekee hayatoshi ikiwa bado tunampangia kazi ya juani, badala ya ofisi, duka au karakana yenye paa. Na kijana mwenye ulemavu wa akili anahitaji kazi yenye mpangilio usiobadilika-badilika, na mtu mvumilivu wa kumwonyesha hatua moja baada ya nyingine.

La pili linamhusu hasa kijana huyo wa mwisho. Yeye hapati urahisi wa kujifunza jambo mahali pamoja akalifanya mahali pengine. Anayejua kuosha vyombo katika beseni la shule anaweza kusimama ameduwaa mbele ya sinki la hoteli. Kwa hiyo katika nchi nyingi wataalamu wamegeuza utaratibu: badala ya kumfundisha miaka mingi kisha kumtafutia kazi, humtafutia kwanza mahali pa kazi, wakamfundisha hapo hapo, na msaidizi akakaa naye mpaka atakapozoea, kisha akajiondoa kidogo kidogo.

La tatu ni wakati wa kuanza. Nchini Uingereza, kijana mwenye mpango maalumu wa elimu huanza kuandaliwa kwa utu uzima akiwa na miaka 13 au 14, na sheria ya mwaka 2014 inaruhusu mpango wake uendelee hadi afikapo miaka 25. Nchini Marekani sheria inataka mpango wa kuvuka kutoka shule kwenda maisha ya utu uzima uwe umeandikwa kabla kijana hajapita miaka 16. Msiniambie kwamba hizo ni nchi tajiri. Fedha zao hatuna. Lakini kalenda tunayo sawa nao, na kumwuliza mtoto wa miaka 14 anapenda nini na anaweza nini hakuhitaji fedha za kigeni.

Turudi basi katika mlima wetu. Utu uzima katika Kilimanjaro una alama zake. Tangu enzi za mababu, kijana wa kiume alihesabiwa kuwa mtu mzima alipokuwa na kihamba: migomba yake, kahawa yake, ng'ombe wake zizini na nyumba yake. Leo vihamba vimegawanywa mpaka vingine havitoshi kujengea hata jiko, na vijana wengi wametelemka mjini au kwenda mbali. Lakini swali moja huwa haliulizwi pale ukoo unapokaa kugawana: ndugu yetu huyu mwenye ulemavu atapata nini? Mara nyingi hapewi ardhi. Hugawiwa yeye mwenyewe, kana kwamba ni sehemu ya urithi. Husemwa tu kwamba atakaa kwa fulani. Mzazi akifariki, na fulani yule akiwa Dar es Salaam, kijana wa miaka 40 huhamishwa kutoka jiko hadi jiko. Na ikiwa ni msichana, hali ni mbaya maradufu. Hufungiwa ndani kwa hofu ya watu waovu, na hofu hiyo si ya kipuuzi. Lakini dawa ya uovu ni majirani wanaomjua na sheria inayowashika wahalifu, si kumfunga asiyekosa.

Hata hivyo kihamba chenyewe ni shule kubwa ya kazi. Kujaza udongo katika viriba vya miche ya kahawa, kumenya kahawa, kuigeuza juu ya vichanja na kuchambua punje mbovu, kukata majani ya ng'ombe, kubeba maji, kuokota mayai: hizi zote ni kazi zenye hatua zinazojulikana, zinazorudiwa kila siku, na zenye thamani ya fedha. Wazee wetu walipoanzisha KNCU mwaka 1933 walionyesha kwamba mkulima mdogo akishikwa mkono na wenzake anaweza kuuza kahawa yake katika soko la dunia. Vyama vya msingi vilivyozaliwa na desturi hiyo havina sababu ya kushindwa kumwajiri kijana mmoja au wawili kila msimu katika vichanja vyao, kwa ujira ule ule wa wengine, na kumlipa mkononi mwake.

Nasema mkononi mwake kwa makusudi. Mtu mzima ni yule mwenye kauli juu ya fedha yake, hata kama ni ndogo na hata kama anasaidiwa kuihesabu. Aidha, mtu mzima ana kitambulisho cha Taifa, anaandikishwa kupiga kura akifika miaka 18, na anaulizwa yeye, si mama yake, anataka nini. Mangapi kati ya hayo tumewanyima vijana hawa, si kwa sheria bali kwa mazoea tu?

Ndugu Mwenyekiti, sasa natoa pendekezo langu. Nataka kila mwanafunzi mwenye mahitaji maalumu anayemaliza shule awe na hati ya makabidhiano. Hahitajiki mfadhili wala waraka kutoka Dodoma ili tuanze. Inatosha karatasi mbili. Humo aandikwe anayojua kuyafanya peke yake, anayoyafanya akisaidiwa, anayoyapenda, yanayomwogofya au kumdhuru, namna anavyowasiliana, dawa na vifaa anavyotumia, na kazi moja, angalau moja, ambayo imekwisha kujaribiwa naye mahali pa kazi halisi. Mwisho liandikwe jina la mtu mmoja mwenye dhamana ya kumfuatilia kwa miaka miwili. Nasema jina la mtu, maana tukiandika "idara husika" tumekwisha kumpoteza.

Karatasi hiyo ianze kuandikwa miaka mitatu kabla ya kijana kuondoka. Siku ya makabidhiano wakae mezani kijana mwenyewe, mzazi, mwalimu, Mtendaji wa Kijiji au wa Kata, na Ofisa Ustawi wa Jamii au wa Maendeleo ya Jamii. Sheria ya mwaka 2010 inazo kamati za watu wenye ulemavu mpaka ngazi ya kijiji. Hapo ndipo kamati hizo zitakapopata kazi ya maana kuliko kuitwa katika sherehe.

Kila mmoja wetu ana sehemu yake. Walimu, mtoeni mwanafunzi nje ya ua wa shule angalau siku moja kwa juma katika mwaka wake wa mwisho, akafanye kazi katika duka, shamba, saluni au karakana iliyo karibu. Maofisa utumishi, hesabuni leo hii watu wenye ulemavu mlionao kazini, mlinganishe na asilimia 3, na muanze na ofisi zenu kabla ya kumnyooshea kidole mwenye kiwanda. Wenzetu wa mikopo, msingoje vikundi vije vimekamilika. Mwenye ulemavu wa akili hawezi kuandika andiko la mradi, lakini mzazi na Bwana Shamba wanaweza kukaa naye. Vyuo vya ufundi, na hasa VETA hapa Moshi, mtafuteni mkalimani kabla ya kusema kwamba hakuna kiziwi aliyeomba nafasi. Mitaala mipya iliyoanza kutumika mwaka 2024 imeipa elimu ya amali heshima kubwa. Isije ikawa heshima hiyo nayo ina mlango wenye ngazi tu.

Na sisi waandishi wa habari tusijitoe. Kila tarehe 3 Desemba tunapiga picha za makabidhiano: kiongozi anakabidhi kiti cha magurudumu, mfadhili anakabidhi mbuzi, wote wanatabasamu. Mimi mwenyewe nimeziandika habari hizo, na sikuwahi kurudi mwaka uliofuata kuuliza kiti kile kimempeleka wapi mwenyewe. Tumekuwa tukiandika makabidhiano ya vitu, tukasahau makabidhiano ya watu.

Najua mtanijibu: ndugu mwandishi, kazi hazipo hata kwa wenye shahada, sembuse kwa hawa? Ni swali la haki. Lakini msomi asiye na kazi anajulikana kuwa hana kazi. Anaomba, ananyimwa, anaomba tena, na taifa zima linamhesabu kuwa ni tatizo la kutatuliwa. Kijana wa Uru hahesabiwi hata kuwa hana kazi. Sidai apewe nafasi ya mwingine. Nadai aingizwe katika foleni, na asimame humo akiwa na karatasi mkononi inayosema anaweza nini. Wala kazi si lazima iwe ya ofisini. Kuku kumi na wanne ni kazi, ikiwa kuna mtu aliyekuonyesha kwamba ni yako.

Niliporudi Uru, nilimweleza mama yule niliyoambiwa na mwalimu. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza: "Kwa nini hawakuniambia?" Nilitafuta jibu na sikulipata. Siku hizi jioni humpa mwanawe trei. Siku ya kwanza alivunja mayai mawili, na siku ya tatu hakuvunja hata moja. Sitawadanganya kwamba amekwisha kuwa tajiri au kwamba ulemavu wake umekwisha. Bado hajui bei ya trei moja sokoni, na mama bado anahofu juu ya siku ambayo yeye hatakuwapo. Hayo yanahitaji mtu wa kuyashika, na mtu huyo bado hajatiwa sahihi.

Lile swali la mama, "Kwa nini hawakuniambia?", nalikabidhi kwenu. Naomba mlipokee, na mtie sahihi.